Samli Kwenye Upinde wa Mzee Ponsiano

Jumamosi, alasiri. Ngara, kiangazi kimekolea. Vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye vitufe vya kompyuta hii, na kila nikibonyeza herufi naisikia ikikwaruza.

Sijala kitu tangu asubuhi. Si mfungo, ni aibu.

Niko peke yangu katika ofisi ya parokia, ambako mimi ni karani. Paroko amekwenda Mugoma kubatiza watoto, na mlinzi ameniwashia jenereta baada ya kumbembeleza sana. Nyuma yangu, imeegemea kabati la mafaili, ipo selo ya Mzee Ponsiano. Inang'aa. Sijawahi kuiona inang'aa hivi, na ndiyo maana nimegeuza kiti ili nisiitazame.

Kwa wachache mnaopita kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza: selo ni zeze kubwa la Kizungu, lenye nyuzi nne. Unakaa kwenye kiti, unalibana kwa magoti, unapitisha upinde juu ya nyuzi linatoa sauti. Upinde wenyewe ni fimbo nyembamba iliyofungwa nywele za mkia wa farasi. Mama yangu huliita zeze la mapadre. Wanakwaya wenzangu huliita ng'ombe, kwa sababu ya sauti ninazozitoa mimi.

Kesho baada ya misa Mzee Ponsiano anatakiwa kuipiga selo hii kwenye kaburi la mke wake, mara moja, ya mwisho. Jumatatu anapanda lori kurudi kwao Burundi. Na mimi nimeuharibu upinde.

Yeye hajui.

Niseme yeye ni nani, maana nikikimbilia kujilaumu mimi tu nitamsahau hata humu. Mzee Ponsiano ni mkimbizi wa kambi ya Lukole. Kwao alikuwa mwalimu wa muziki seminarini, na selo aliachiwa na padre mmoja mzee aliyekuwa anarudi Ulaya. Vita vilipowafukuza, watu walibeba magodoro, masufuria, mbuzi. Yeye alibeba selo. Mke wake, Spesioza, alibeba gunia la maharage kichwani, na njia nzima mpaka wanaingia Tanzania hakuacha kumsema: "Hilo jeneza lako litatupikia nini?" Mzee akifika hapo kwenye masimulizi hucheka mpaka machozi yanamtoka, kisha kicheko huisha na machozi hubaki.

Lakini kambini huyohuyo Spesioza ndiye aliyekuwa hagusi chakula cha jioni kabla hajapigiwa wimbo wa kijijini kwao. Sasa amelala kwenye makaburi ya kambi, upande wa miti ya mikaratusi. Alipokuwa anaumwa alimwomba mume wake jambo moja: siku ya kurudi nyumbani ikifika, asimwache pale kimya kama mtu aliyesahauliwa njiani. Aje amuage kwa wimbo ule. Mzee alikubali, na tangu hapo, kila linapozungumzwa suala la kurudi, yeye hataji shamba wala nyumba. Anataja kaburi.

Kwetu parokiani alikuwa anakuja Jumamosi, akipewa kibali cha kutoka kambini, kufundisha kwaya. Baada ya kwaya alinifundisha mimi. Sijui kwa nini nilimwomba. Nilikuwa mtu mzima tayari, na mtu mzima anayeanza kujifunza kitu hana budi kukubali kuchekwa. Akina mama wa kwaya walisema si heshima mwanamke kukaa vile, magoti mbalimbali, mbele ya tabernakulo. Nikashona sketi pana ya kitenge, nikahamia chumba cha nyuma cha ofisi, nikaendelea.

Miezi ya kwanza alininyima upinde kabisa. Vidole tu. Nilipiga nyuzi kwa vidole mpaka ncha zikafanya sugu, nikawa nikishika sindano siisikii. Siku aliyonipa upinde alinipa na sharti: "Nywele zake usiziguse kwa mkono." Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza. Nimelelewa hivyo. Mkubwa akikukataza jambo huombi maelezo, unaacha.

Sauti yangu ya kwanza iliitikiwa na ndama wa jirani.

Ila kuna siku, kwenye uzi ule mnene kuliko yote, upinde ulikamata. Sauti ikatoka nzima, ikaingia kwenye magoti, ikapanda mpaka kifuani. Sikuwa najua kwamba kipande cha mti kinaweza kumtetemesha mtu mbavu. Nililia, nikasingizia vumbi. Mzee alitazama dirishani kunipa nafasi, kisha akasema tu, "Hiyo ndiyo. Rudia." Nimekuwa nikiitafuta tena sauti hiyo tangu wakati ule, na mara nyingi siipati.

Sasa nikiri jambo ambalo sijamwambia hata padre kwenye kitubio.

Iliposemwa redioni kwamba kwao kumetulia na malori ya kuwarudisha yataanza, watu wa kambini waliimba njiani. Mimi nilikuwa uani nachambua maharage. Wazo langu la kwanza halikuwa kumshukuru Mungu. Nilijiuliza nani atanifundisha kutumia kidole cha nne. Watu wamekaa miaka kwenye maturubai, wanapanga foleni ya maji na foleni ya unga, wanazikia ugenini, na mimi amani yao inaniuma kwa sababu ya somo langu la Jumamosi. Na wazo la pili lilikuwa baya zaidi. Niliwaza kwamba huenda kwenye lori hakutakuwa na nafasi ya selo.

Nililifukuza wazo hilo. Lilikwenda likakaa pembeni, halikutoka.

Juzi Mzee aliileta nyumbani kwetu. Kule kambini wanabomoa nyumba, wanauza milango na mabati, vumbi halikaliki. Watoto wake walishatangulia na malori ya mwanzo, hana mtu wa kumwangalizia vitu. Akaniomba nimtunzie mpaka Jumapili.

Jana jioni Mama alikuja kuikagua. Mama yangu ni mtu wa ng'ombe, na hukagua kila kitu anavyokagua ng'ombe: anazunguka, anapapasa, anagonga mbavu. Akasema, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya r na l, "Mgeni wako amekauka hivi, nanyi mnamwacha aende bila mafuta? Kirete hapa tukipake."

Nyumbani kwetu chombo cha mti kikipigwa na kiangazi kinapakwa samli, la sivyo kinapasuka. Vyombo vya maziwa hupakwa, ngoma hupakwa. Na mtu anayetoka nyumbani kwa heshima hupakwa pia. Dada yangu alipoolewa, Mama na shangazi zangu walimpaka samli kuanzia utosini mpaka kisigino, akatoka uani anang'aa, ananukia maziwa. Kwa hiyo Mama aliposema vile niliona ni jambo la haki kabisa. Selo inaondoka. Imekaa nchini kwetu miaka yote hii. Ipakwe.

Tukaipaka. Mgongo, mbavu, shingo, mpaka ule mkunjo wa juu unaofanana na konokono. Mama akawa anaimba chinichini wimbo wa kumtoa mwali. Mti ulikunywa samli ile kama una kiu ya siku nyingi, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sikumbuki lini niliipata mara ya mwisho.

Halafu nikauchukua upinde.

Nywele zake zilikuwa na unga mweupe. Nikaona ni vumbi, au ukungu. Nikakumbuka sharti la Mzee, nisiziguse kwa mkono. Sikuzigusa kwa mkono. Nilichukua kitambaa safi, nikafuta ule unga wote, kisha nikachovya kitambaa kwenye samli na kukivuta juu ya nywele taratibu, kutoka chini kwenda juu, kama ninayemchana mtoto anayelia haraka. Nilijiona mtiifu sana.

Leo asubuhi niliileta hapa ofisini, nikakaa kwenye kiti nifanye zoezi la mwisho. Nikavuta upinde. Ukapita juu ya nyuzi bila sauti. Nikavuta tena kwa nguvu. Uliteleza tu, ukaishia hewani, na selo haikusema neno.

Ndipo nikakumbuka kile kipande. Mzee ana kipande kidogo cha rangi ya asali, amekifunga kwenye leso mfukoni mwa shati. Mara moja niliwahi kufika mapema nikamkuta amenipa mgongo, ameinamisha kichwa, anakisugua kwenye nywele za upinde. Nilidhani ni ubani. Nilidhani anaubariki upinde, nikarudi nyuma kwa kunyata ili nisimkatize kwenye sala yake.

Hapa ofisini intaneti huja ikipenda, na leo ilipenda. Nimesoma. Kile kipande ni utomvu mkavu wa msonobari, na ule unga mweupe niliofuta ndio unaozipa nywele meno ya kuushika uzi. Bila unga huo hakuna sauti. Na kitu kinachoziua nywele hizo kuliko vyote ni mafuta. Hata mafuta ya kidole. Ndiyo maana alinikataza kuzigusa.

Mafuta ya kidole tu, na mimi nimeweka samli ya Mama.

Nilikimbilia zahanati kwa sista, nikaomba spiriti, maana ndivyo walivyoandika kule nilikosoma. Nikafuta. Nywele zikagandana mafungumafungu kama za mbuzi aliyenyeshewa. Nikafuta tena. Karibu na ncha, pale ambapo jana mkono wangu ulichoka, pana sehemu fupi ambayo bado inakwaruza kidogo. Kwingine kote ni kimya. Nilikosoma wanashauri kubadilisha nywele, ziwekwe mpya za mkia wa farasi. Farasi pekee ninayemfahamu ni wa Mtakatifu Martini, kwenye picha ya sakristia, na hata huyo mkia wake umeliwa na mchwa.

Nilikuwa bado na spiriti mkononi niliposikia kikohozi mlangoni. Kikohozi cha Mzee nakijua. Hukohoa badala ya kugonga.

Nikauficha upinde nyuma ya kabati.

Sikuwaza. Mkono ulikwenda wenyewe, kama wa mtoto aliyekutwa na sukari. Lakini nilipokuwa nakwenda mlangoni nilikuwa nimeshaamua kumwambia. Nilisema moyoni, nitamwamkia kwanza, kisha nitasema.

Nikamwambia shikamoo Mzee. Akaniitikia marahaba mwanangu. Akauliza Mama anaendeleaje, nikasema hajambo. Ng'ombe wamepata maji kiangazi hiki? Wamepata kidogo. Paroko? Yuko Mugoma. Kwaya wamejiandaa kwa kesho? Wamejiandaa. Na kila jibu zuri nililolitoa lilinisogeza mbali zaidi na lile baya, mpaka maulizo yakaisha na mimi nimesimama ninatabasamu kama mtu asiye na tatizo lolote duniani.

Kisha akanusa hewa. Akaiona selo.

Aliinama akaweka kiganja mgongoni mwa selo. Akakinusa kiganja. Nilidhani ameshajua, na nikasikia, Mungu anisamehe, kama nafuu.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi na Mama, Mzee."

Aliposema, hakunitazama. "Spesioza walimleta kwangu akinukia hivi."

Akavuta kiti akakaa. Akasema yule padre aliyempa selo aliipenda sana, aliifuta kwa kitambaa laini kila siku, lakini hakuwahi kuifanya mtu wa nyumbani. Akasema amekuwa hajui la kufanya nayo. Kwenye lori mzigo ni mdogo, na huko anakokwenda hata hajui kama nyumba yake bado ina paa. "Nilikuwa naogopa kuiacha ikawa yatima," akasema. "Sasa nimejua. Kesho nikimaliza kumuaga mama yule, selo ibaki kwako, Leokadia. Imeshapata kwao."

Nikasema asante, Mzee.

Hilo tu. Upinde uko nyuma ya kabati, hatua moja kutoka kwenye goti lake, na mimi nasema asante.

Hakuuliza habari za upinde. Alisema leo hataki kupiga, anavipumzisha vidole kwa ajili ya kesho. Akaondoka haraka kwa sababu kibali chake kilikuwa cha mchana tu. Mlangoni aligeuka akanusa tena kile kiganja.

Mama alikuja baadaye na ndizi za maharage kwenye hotipoti. Nikamweleza yote, kwa Kihangaza, maana kwa Kiswahili ningepata maneno ya kujipamba. Hakushangaa na wala hakunifokea. Kwanza alisema kwamba kama ni nywele za mkia, mkia wa Bihogo upo, ng'ombe yule ni mpole, tukakate. Nikamwambia haifai, lazima farasi. Akafunika hotipoti. Kisha akasema, bila haraka, "Mwali hupakwa mafuta mara mbiri, mwanangu. Wanaomtoa wanampaka, na wanaompokea wanampaka. Wewe jana ulikuwa upande gani?"

Amekwenda kukama. Ndizi ziko hapa mezani zimepoa.

Nilikuwa upande wa kumpokea, Mama. Ndilo jibu. Nilikuwa naipaka selo ya mtu kama inayoingia kwetu, na nilikuwa najua, mahali fulani ambapo sikutaka kuangalia. Kosa la samli ni la ujinga, na ujinga nausamehe. Kila anayejifunza ni mjinga, ndiyo kazi yake. Lakini kuuficha upinde hakukuwa ujinga. Na asante ile haikuwa ujinga. Nilinyamaza kwa sababu nikisema, huenda atasema huyu hafai kuachiwa, na ataibeba selo yake aende nayo. Hiyo ndiyo hofu yangu. Si uchungu wa Mzee niliokuwa nauogopa, ni kuikosa selo.

Nimejaribu kujidanganya kwa njia zote. Nimejiambia labda kile kipande cha ncha kinachokwaruza kitamtosha fundi kama yeye. Nimejiambia labda samli itakauka kwa joto la usiku mmoja. Nimejiambia nitamwambia kesho asubuhi, kabla ya misa. Lakini kesho kabla ya misa patakuwa na watu, na wageni kutoka Kabanga, na salamu zao, na mimi najijua.

Halafu nimeiona kesho yenyewe. Nimemwona Mzee amekaa kwenye kiti cha kanisani tulichombebea, pale chini ya mikaratusi, majirani zake wote wa kambini wamesimama na mizigo yao imeshafungwa. Anainua upinde. Anauvuta. Na hakuna kitu. Mwanamke yule aliyebeba maharage, aliyeomba jambo moja tu, asiachwe kimya, ataachwa kimya. Kwa sababu yangu. Na mume wake atajifunza habari hiyo akiwa amekaa mbele ya kaburi lake, watu wakimtazama.

Nikimwambia leo, ana jioni nzima. Yeye ni fundi, mimi ni mwanafunzi, huenda anajua dawa ambayo mimi siijui. Na kama hakuna dawa, atakuwa na muda wa kuvizoesha vidole wimbo ule, kama alivyonifundisha mimi miezi ile yote, uzi mmoja baada ya mwingine, bila upinde. Hautakuwa vile alivyoahidi. Lakini utasikika.

Bado hilo halinifanyi niwe mtu mwema. Nataka liandikwe hapa wazi. Naenda kwa sababu siwezi kukaa chumba kimoja na selo hii, inanukia harusi.

Nimeufunga upinde kwenye kanga, nikaona kanga inauficha, nikaufungua tena. Nitaushika mkononi, wazi. Selo nitaifunga mgongoni kwa kitenge kizito, na mlinzi amekubali kuniazima baiskeli yake, ingawa amecheka kwa jinsi nitakavyoonekana barabarani. Jua bado liko juu. Mlinzi wa geti la kambi ananifahamu, atamwita Mzee.

Selo inarudi kwake leo. Akiamua kuipandisha lori, ni yake.

Jambo moja nimelijua tangu mchana. Nikianza na shikamoo, nimekwisha. Ataitikia, ataniuliza habari za Mama, habari za ng'ombe, nami nitajibu nzuri, nzuri, mpaka nijikute niko njiani narudi na selo mgongoni na asante nyingine mdomoni. Kwa hiyo leo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nitasimama mbele ya mtu mzima nisimwamkie. Nitamnyooshea upinde, nitamwambia nilichoufanyia na mahali nilipouficha.

Nikimaliza ndipo nitasema shikamoo, na nitasubiri kuona kama ataitikia.